Kanzu ya Asiyekuwepo

Siku mbili nzima bodi haikutoka kwenye boksi lake. Ilikaa pembeni mwa meza katika chumba cha juu huko Sinza, imefunikwa na rundo la nyaya, na fundi, dada mmoja, hakuigusa. Mbele yake alikuwa na kompyuta ya mapajani, feni, na chupa ya chai. Nilipomuuliza kazi itaanza lini, alinitazama kama mpishi wa pilau anayeulizwa, huku anachambua mchele, ataanza lini kupika.

"Kaka, kazi ndiyo hii," akasema, akarudi kwenye kioo chake.

Bodi yenyewe ni BeagleBone Black, aina iliyoingia sokoni mwaka 2013. Ni ndogo kiasi cha kuenea ndani ya kikopo cha peremende, na pembe zake zimeviringwa makusudi ili ienee humo. Ina prosesa ya ARM ya gigahezi 1 kutoka Texas Instruments, na RAM ya megabaiti 512. Itafungwa karibu na matangi ya maji, isome kimo cha maji na kutuma taarifa. Programu ya kusoma kimo hicho, kwa hesabu ya dada huyu, ni kazi ya mchana mmoja. Siku mbili zile alikuwa akitengeneza mahali pa kuitengenezea, na ndizo nilizokuja kuzitazama.

Shida inaanzia hapa. Kompyuta yake ya mapajani ina prosesa ya Intel, bodi ina ARM, na programu iliyotafsiriwa kwa ajili ya moja kwa nyingine ni makelele matupu. Mtu anaweza kuamua kujenga kila kitu juu ya bodi yenyewe. Wapo wafanyao hivyo, na kwa programu ndogo hakuna ubaya. Lakini ukiipa bodi ya megabaiti 512 kazi ya kutafsiri kerneli nzima ya Linux, yaani kiini cha mfumo, utalala, utaamka, utakunywa chai, nayo bado inahema. Kwa hiyo kazi hufanyika kwenye mashine kubwa kwa niaba ya ile ndogo. Mashine kubwa inatoa maneno ambayo yenyewe haiwezi kuyatamka.

Fundi cherehani anaijua hali hii. Mteja yuko Maskati, ametuma vipimo kwa simu, na kanzu inatakiwa imkae siku ya harusi. Hayupo dukani ajaribishwe bega. Hatari kubwa kwa fundi wa namna hiyo ni mwili uliopo karibu: mkono unajisahau, unapima bega la kijana wa dukani, na kanzu inatoka nzuri kabisa kwa mtu asiye mwenyewe. Karibu kila kitu nilichomwona dada huyu akikifanya kilikuwa kinga dhidi ya kosa hilo moja.

Alianza na kompaila, yaani programu ya kutafsiri msimbo. Kompaila ziko za bure, tayari, na angeweza kuishusha iliyojengwa na wengine ndani ya dakika chache. Hakutaka, alitaka kuijenga kutoka kwenye msimbo chanzo, na aliniruhusu nikae nione. Nilidhani kompaila ni programu kama programu nyingine. Kumbe kuna fumbo ndani yake: mwenye ufunguo amefungiwa ndani. Kompaila kamili ya lugha ya C inahitaji maktaba ya C ya mashine inayolengwa, ile yenye kazi za msingi kama kufungua faili na kuandika maneno kwenye kioo. Maktaba hiyo nayo imeandikwa kwa C, haiwezi kupatikana mpaka itafsiriwe, na wa kuitafsiri ni kompaila ile ile ambayo bado haipo.

Mafundi wa zamani walilitatua kwa kuzaa mara mbili. Kwanza zinajengwa asembla na kiunganishi, programu ya kuunga vipande vya msimbo kuwa kitu kimoja. Kisha inajengwa kompaila pungufu, inayojua kutafsiri C tupu bila msaada wa maktaba yoyote. Pungufu hii inapewa vichwa vya kerneli, yaani yale mafaili yanayoeleza jinsi ya kuzungumza na Linux, na kwa kuvitegemea inaitafsiri maktaba ya C. Maktaba ikishakuwepo, fundi anarudi nyuma kujenga kompaila ya pili, iliyokamilika, yenye uwezo wa C++ na mengine yote. Ile ya kwanza haitajwi tena. Iliishi robo saa hivi kwenye kompyuta ile, ikazaa, ikapisha.

Katikati ya hapo kuna sharti ambalo wengi hulivunja bila kujua. Vichwa vya kerneli unavyojengea visiwe vya toleo jipya kuliko kerneli itakayowashwa kwenye bodi. Vikiwa vya zamani kidogo hakuna neno, kwa sababu Linux ina heshima kubwa kwa programu za jana: ahadi ikishatolewa kwa programu, inatunzwa. Vikiwa vipya zaidi, maktaba itakuja kuomba huduma ambayo kerneli haijawahi kuisikia. Dada alikagua namba hizo mbili, akaziandika kwenye daftari, kisha akazikagua tena.

Kompaila iliyotoka inaitwa arm-buildroot-linux-gnueabihf-gcc. Jina refu hili nililiona la kutisha mpaka aliponisomea taratibu kama msomaji wa nasaba. Arm ni ukoo wa prosesa. Buildroot ni lebo ya karakana iliyoizaa. Linux ni mfumo utakaoendeshwa. Gnueabi inataja maktaba ya C na kanuni za jinsi vipande vya programu vinavyopeana vitu mkononi. Herufi mbili za mwisho, hf, zinasema kwamba namba zenye desimali zitapitishwa kwenye sehemu maalumu ya prosesa iliyoundwa kwa ajili yake. Kipande chenye hf na kisicho na hf haviungwi pamoja. Kiunganishi kinagoma papo hapo, na kugoma huko ni rehema, kwani kingenyamaza matangi yangesomwa vibaya na asijue mtu.

Hapa kuna kichekesho cha mafundi wa kazi hii. Kwa kawaida zinahesabiwa mashine tatu: inayojenga kompaila, itakayoiendesha kompaila hiyo, na itakayoendesha matunda yake. Mara nyingi mbili za kwanza ni moja. Zikiwa tatu tofauti kabisa, mtindo huo unaitwa wa Kikanada, kwa sababu mafundi walipokuwa wakibishana jina, Kanada ilikuwa na vyama vikuu vitatu vya siasa. Jina likabaki.

Zamani kidogo kila mtu alipita njia hii kwa mikono, na kila mtu alikuwa na karatasi yake ya viraka: toleo hili la kompaila linakubaliana na maktaba ile, si ile nyingine. Dan Kegel alikusanya maarifa hayo katika hati za amri alizoziita crosstool. Yann E. Morin akaja kuziandika upya, zikawa crosstool-NG, ambayo bado inatumika. Dada alitumia Buildroot, ambayo hujenga kompaila na baada ya hapo kila kitu kinachobaki: kerneli, programu za mfumo, na sura ya mwisho ya kuandikwa kwenye memori kadi.

Asili ya Buildroot inanifurahisha. Hakuna aliyekaa akasema atatengeneza chombo kikubwa. Wajenzi wa uClibc, maktaba ndogo ya C iliyohusishwa zaidi na Erik Andersen, walihitaji mahali pa kuijaribia; wakatengeneza mfumo mdogo wa kujenga Linux nzima iliyokaa juu ya maktaba yao. Andersen huyohuyo alikuwa ameirithi BusyBox, ambayo Bruce Perens aliianza mwaka 1995 ili zana za kuokoa na kusimika Debian zienee kwenye disketi moja. BusyBox ni faili moja linalojibu kwa majina mengi: ukiliita ls linaorodhesha, ukiliita cp linanakili. Ubahili wa disketi ukawa busara ya bodi ndogo.

Kisha kukaja ruta ya Linksys, WRT54G, ya rangi ya buluu na nyeusi. Watu waligundua kwamba ndani yake kuna Linux, na leseni ya Linux inamtaka anayeigawa atoe msimbo wake. Mwaka 2003 msimbo ukatolewa. Mwaka uliofuata ukaanza mradi wa OpenWrt, uliochukua msimbo huo wa Linksys na kuupandikiza juu ya Buildroot. Ruta zile za mwanzo zilikuwa na flashi ya megabaiti 4. Leo picha moja ya simu hujaza nafasi hiyo. Buildroot yenyewe ilianza kutoa matoleo rasmi mwaka 2009, chini ya Peter Korsgaard, na tangu hapo hutoka kila baada ya miezi mitatu: Februari, Mei, Agosti, Novemba.

Nirudi Sinza. Kabla ya amri ya kwanza ya kujenga, dada alifanya usafi. Alihakikisha hajaingia kwenye kompyuta kama mtawala mkuu wa mfumo, root, ambaye hakuna faili linalomkatalia. Ujenzi ukikosea njia mikononi mwa root unaweza kuandika juu ya mafaili ya kompyuta yenyewe. Ukikosea mikononi mwa mtumiaji wa kawaida, unagonga mlango na kusimama. Aliangalia orodha ya njia ambazo kompyuta hutafutia amri zake, akaondoa moja iliyokuwa na nafasi tupu katikati ya jina, maana Buildroot ikiona nafasi tupu humo inakataa kuanza. Inakataa pia ikikuta orodha ya kutafutia maktaba imejumuisha folda uliyosimama ndani yake. Wengine huona ukali huu ni kero. Mimi naona ni adabu ya karakana: anayeingia na viatu vya tope anaambiwa mlangoni.

Jambo lililonishika zaidi ni jinsi mfumo huu unavyojilinda na bega la kijana wa dukani. Kompyuta ya kujengea ina vichwa na maktaba zake, zimekaa kwenye folda ya /usr. Programu nyingi duniani ziliandikwa na watu wasiowahi kufikiria kwamba zitajengwa kwenye mashine nyingine, nazo zina tabia ya kuchungulia humo bila kuombwa. Buildroot imeizungushia kompaila yake gamba, na gamba hilo linasoma kila ombi. Programu ikijaribu kuchota vichwa vya kompyuta ya nyumbani, gamba linatangaza kwamba njia hiyo si salama na linasimamisha kazi. Vipimo vya kweli vya mteja viko kwenye folda ya pekee, nakala ya vichwa na maktaba za bodi. Kompaila inaruhusiwa kutazama humo, basi.

Na kuna folda iitwayo target, ambamo mfumo wa bodi unakusanyika: bin, etc, lib, vyote kama vitakavyokuwa. Ukiiona utadhani ndiyo yenyewe, uinakili tu kwenye kadi. Waliotengeneza Buildroot wanawajua binadamu. Ndani yake wameweka faili ambalo jina lake lote ni herufi kubwa, THIS_IS_NOT_YOUR_ROOT_FILESYSTEM, yaani huu si mfumo wako wa mafaili. Sababu ni ile ya kutokuwa root: mtumiaji wa kawaida hawezi kuunda mafaili ya vifaa wala kumpa root umiliki wa faili, kwa hiyo folda ile haijakamilika. Mwishoni kabisa, programu ya fakeroot inaidanganya hatua ya kufunga mzigo, inaiambia kwamba anayefunga ni root, na umiliki unaandikwa sawasawa ndani ya sura ya mwisho bila kompyuta kuguswa. Uongo mmoja mdogo, mahali pamoja, wenye sababu iliyoandikwa.

Usiku wa kwanza aliendesha amri moja tu, make source, akaenda kulala. Amri hiyo haijengi kitu. Inashusha msimbo chanzo wa kila kitakachohitajika na kuuweka kwenye folda moja, na kila furushi linapimwa kwa alama yake ya sha256, lisipolingana linatupwa. Alisubiri usiku kwa sababu bando la usiku ni nafuu, na hilo kila mtu mjini analijua. Lakini alikuwa na sababu nyingine. Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania na Kenya ikawa ya kudondoka tone kwa tone. "Siku ile nilikuwa na kila kitu kwenye diski," akaniambia. "Nilijenga kama kawaida. Jirani yangu alikuwa anatazama asilimia." Folda hiyo anaibeba pia kwenye diski ya nje, kwa kuwa msimbo uliopo leo kwenye seva ya watu unaweza usiwepo baada ya miaka mitano, na matangi ya maji yatakuwepo.

Kabla ya amri hiyo ya usiku alikuwa ameingia kwenye menuconfig, ile orodha ya rangi ya kijivu na buluu ambayo haijabadilika sura kwa miaka mingi, akachagua kidogo kidogo. Alinionyesha alivyoviacha kuliko alivyovichukua. Asubuhi akaandika make, na mistari ikaanza kupanda. Kuna watu wanaoiacha ikimbie wakaenda zao. Yeye hukaa nayo mara ya kwanza, kama mtu anayesikiliza injini ya gari alilolinunua jana.

Nilimuuliza kuhusu Yocto, mfumo mwingine mkubwa, uliotangazwa mwaka 2010 chini ya Linux Foundation. Alisema anauheshimu. Yocto inakumbuka kila hatua na kujua kipi cha kujengwa upya ukibadilisha kitu. Kampuni yenye aina ishirini za bodi itaihitaji. Gharama yake ni makumi ya gigabaiti za diski na miezi ya kujifunza. Buildroot haijidai. Ukibadilisha mpangilio mkubwa, hati zake zinakwambia wazi ufute vyote ujenge upya tangu mwanzo. Nilikuwa nikiuona huo ni uvivu wa waandishi wake. Baada ya kumtazama akifuta kazi ya saa nzima bila kunung'unika, nimeanza kudhani ni ukweli tu: kubashiri nusu-nusu kipi kimechafuka ndiko kunakozaa kanzu yenye mkono mmoja mrefu.

Na mimi nina langu. Miaka iliyopita nilipewa programu iliyokwisha kutafsiriwa, niiendeshe kwenye bodi ndogo. Niliinakili, nikaiita, bodi ikajibu kwamba faili halipatikani. Nikaorodhesha: lipo. Nikaita: halipo. Nilishinda usiku kucha nikigombana na kitu nilichokuwa nikikiona kwa macho. Dada alicheka kabla sijamaliza kusimulia. Kisichopatikana hakikuwa programu. Kila programu ya namna ile imebeba ndani yake jina la mpakiaji atakayeiunganisha na maktaba zake inapoanza, na ile ilikuwa imemtaja mpakiaji wa glibc, maktaba mojawapo ya C, wakati bodi yangu ilijengwa kwa maktaba nyingine. Kerneli ilimtafuta mpakiaji, ikamkosa, na jibu likarudi bila kusema ni nani aliyekosekana. Ni kama kuambiwa bwana harusi hayupo, kumbe aliyechelewa ni mwenye gari.

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, akafungua boksi.

Aliandika sura kwenye memori kadi. Akaunga nyaya tatu kwenye pini za siriali, ya kutuma, ya kupokea na ya ardhi, baada ya kuhakikisha kwamba waya wake ni wa volti 3.3, wa volti 5 ungeweza kuichoma bodi. Kasi akaiweka 115200. Akabonyeza kitufe kidogo kilicho karibu na kadi, akakishikilia, akachomeka umeme. Kitufe hicho huilazimisha chipu kuanza na kadi badala ya hifadhi iliyogandishwa kwenye bodi.

Kinachofuata ni mbio za kupokezana vijiti. Ndani ya chipu kuna msimbo uliochomwa kiwandani, usiobadilika, ambao hapa kazi yake ni kutafuta faili liitwalo MLO. Faili hilo lazima liwe dogo, kwa kuwa wakati huo RAM kubwa bado haijaamshwa na kuna nafasi ya kilobaiti mia moja na kidogo tu ndani ya chipu. MLO inaiamsha RAM na kumpokeza kijiti U-Boot, kazi aliyoiongoza Mjerumani Wolfgang Denk kwa miaka mingi. U-Boot inapakia kerneli pamoja na faili la ramani, linaloieleza kerneli bodi hii ina vifaa gani na viko anwani zipi, kwa maana bodi za namna hii haziwezi kuulizwa zikajieleza zenyewe. Kerneli inasoma ramani, inafungua mfumo wa mafaili, inaita programu ya kwanza. Mistari ilipita kwenye kioo kwa sekunde chache. Ikasimama kwenye neno la kukaribisha.

Sikusikia shangwe. Aliandika root, akaingia, akasoma /proc/version. Kerneli ya Linux hueleza humo imejengwa na nani, kwenye mashine ipi, kwa kompaila gani. Jina refu la kompaila lilikuwepo lote, na mbele yake jina la dada na la kompyuta yake ya mapajani. Nikamwambia hongera, kanzu imetiwa saini. Akatikisa kichwa.

Alirudi kwenye menuconfig, akawasha chaguo la kujenga kwa namna inayorudiwa, akafuta kila kitu, akajenga tena. Kisha akavuta kompyuta nyingine kutoka kabatini, akaunganisha diski yake ya nje, akajenga humo pia, folda yenye njia ileile, toleo lilelile. Tulikula chipsi mayai tukisubiri. Mashine zote mbili zilipomaliza alipima kerneli za pande zote mbili kwa sha256, akaweka tarakimu juu ya tarakimu kwenye kioo, akazipitia kwa kidole mpaka mwisho. Zililingana. Sasa mahali palipokuwa na jina lake paliandikwa buildroot, na penye jina la kompyuta yake, buildroot.

Akaandika kwenye karatasi ndogo toleo la Buildroot na tarehe ya ile folda ya misimbo, akaibandika ndani ya kifuniko cha boksi. Kisha akaniomba nimsogezee chaja, aanze ile programu ya matangi.